Ngazi za Stesheni Iliyobomolewa

Nawakumbuka walionicheka, mwanangu. Tulikuwa mapumzikoni katika ghala moja la Louisville, na nilikuwa nimewaambia kwamba chuo changu cha Columbus, nilichosomea kwa mtandao, kinanitaka niandike historia ya jengo lisilokuwepo tena. Nilichagua stesheni ya treni ya hapo hapo mjini, iliyosimama juu ya nguzo za chuma, juu ya vichwa vya wapita njia. Kazi hiyo ndiyo ingenipa diploma, au kuninyima.

“Bon, stesheni yenye walishabomoa, utaiandika aje?” akauliza Bahati, Mkongo mwenzangu wa kazi. “Boksi tu unazipanga mubaya, donc historia ndio utapanga muzuri?”

Mimi niliyesomea chini ya turubai, katika kambi ya wakimbizi Kigoma, sizuiliwi na kicheko. Nikaandika nguzo, misumari, paa, hadi nyundo za wabomoaji. Nilijivuna, na bado najivuna: diploma iko ukutani, karibu uione.

Pale Newburg, mtaa wa Louisville nilikokaa, ghorofa ya chini yangu aliishi Mzee Yohana, Mrundi wa kanisa letu, mgonjwa wa magoti. Nikashuka nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho.

“Stesheni iko juu,” akasema. “Mtu kama mimi alifikaje huko?”

“Historia haiulizi hayo, mzee.”

“Basi umewaandikia ndege, mwanangu.”

Iliniuma. Lakini penye wazee haliharibiki neno. Nikapanda basi hadi Buffalo kwa Bibi Doroti, ambaye jirani zake wa zamani, waliobaki Louisville, walinielekeza kwake. Alizaliwa karibu na stesheni ile, na sasa aliishi kwa binti yake.

Nilipomwuliza swali la mzee, alicheka huku akifuta macho. Nyanya yake hakuweza kutembea. Siku familia ilipohama, baba yake Doroti alimbeba mgongoni akipanda ngazi zote, watu wakiwapisha. Kiatu cha bibi kizee kikadondoka hadi barabarani, na mtu wasiyemjua akashuka kukifuata, akakirudisha treni ikikaribia kuondoka.

“Huyo usimwache nje,” akaniambia. “Jina hatukulijua, lakini alikimbia.”

Nikamwingiza katika historia yangu, pamoja na ngazi zile. Walimu wa Columbus wakaisoma, wakanipitisha. Hata hivyo nilikuwa bado nadaiwa na walionikopesha kumbukumbu zao. Nikarudi Buffalo nikamsomea Bibi Doroti. Nikawasomea wale jirani zake. Wa mwisho alikuwa Mzee Yohana. Nilipofika kwenye ngazi, akaweka mkono juu ya karatasi.

“Mama yangu nilimvusha mto Malagarasi hivyo hivyo, tukikimbia vita,” akasema taratibu. “Kumbe na hawa walibebana.”

Siku hiyo ndipo nilipomaliza madeni yangu yote.

Basi, mwanangu, soma, upate vyeti, ujivune ukipenda. Ila ukisimulia habari za jengo, tafuta nani alibebwa kuingia humo. Na anayekukopesha kumbukumbu, mrudishie kwa kumsomea, masikio yake yakiwa bado yanasikia. Mungu akupe mgongo wa kubeba wengine, na magoti yako yakichoka, akupe wa kukubeba.