Kidole Gumba cha Muuza Samaki

Muuza samaki wa soko la Hewa Bora humjua samaki kwa kidole gumba. Akigusa ndevu na ngozi isiyo na magamba, huyo ni kabambale, yaani kambare. Miiba mgongoni na mdomo mdogo, ni tilapia; miiba ileile na mdomo mpana, ni makobo. Wateja hudhani ni madaha ya kazi, naye huwaacha, maana wakijua kwamba macho yake yamefifia watahamia meza ya jirani.

"Mama, hii iko tilapia ao makobo?"

"Makobo! Ona kinywa, kama ya mama mukwe wako."

Mteja anaondoka akicheka. Kivuli kingine kinasimama mezani.

"Karibu, mama. Unataka samaki gani?"

Kivuli kinainama karibu naye.

"Mama, ni miye, Kiki. Mutoto wako."

Kidole gumba kinabaki mdomoni mwa samaki.