Pembe Nje ya Geti

Viongozi wa timu yetu ya mpira, Chui wa Manga, wakiulizwa kwa nini jukwaa ni tupu, husema mashabiki wamechoka kufungwa. Uongo mtupu. Tulifungwa misimu miwili mfululizo, tukanyeshewa, na bado tulijaa. Tulianza kutoweka pale mechi za nyumbani zilipohamishwa kutoka Jumapili hadi Jumamosi, ili zionyeshwe kwenye televisheni. Nusu ya mashabiki wetu ni Wasabato, ambao Jumamosi ni siku yao ya ibada, na hakuna aliyewauliza. Walipokosa kuja, viongozi wakapunguza kiingilio, kana kwamba Sabato ina bei.

Mimi Shueib ni Mwislamu, nauza viatu mjini Kisii, na Jumamosi hainizuii. Lakini uwanja bila Ratemo ulinikera. Ratemo ni mkulima wa majani chai kutoka Ikonge, mzee wa kanisa, na ndiye aliyekuwa akituongoza kwa pembe ya ng'ombe. Akiipuliza, hata polisi walicheka. Siku ya Sabato hanunui kitu wala hashangilii mchezo. Na kipa wetu, Mose, ni mwanawe. Kila Jumamosi asubuhi baba alitoka na Biblia, mwana na viatu vya mpira, wakaachana barabarani. Mzee hakumkataza, maana kazi ni kazi. Ila hakuja kumtazama tena, na Mose akaacha kuutaja mpira nyumbani.

Mechi ya mwisho tulihitaji sare tu, la sivyo tushuke daraja. Mvua ya hapa kwetu, ile ya kila alasiri, ikausimamisha mchezo hadi jioni ikakaribia. Ndipo nikamwona Ratemo nje ya geti lililo nyuma ya goli, pembe imejificha ndani ya koti. Nilifurahi nusura nimkumbatie. Nikamwambia aingie, tiketi yake nimelipa mimi.

"Ukinilipia ni kama nimenunua mwenyewe," akasema. "Jua likitua Sabato itakuwa imekwisha, nitaingia."

Nikatoka, nikabaki naye pale nje, tukichungulia kupitia wavu. Mchezo ulikuwa umerudi, bado bila kwa bila. Mzee aliangalia mawingu upande wa magharibi, akaangalia goli la mwanawe, kisha mawingu tena. Dakika za mwisho beki wetu akaunawa mpira ndani ya kisanduku. Penalti.

Mose akasimama katikati ya milingoti, peke yake, jukwaa likichuruzika maji bila mtu. Ratemo aliushika wavu. Nje kulikuwa bado na mwanga. Mpigaji alipoanza kukimbia, mzee akaitoa pembe na kuipuliza kwa nguvu zake zote.

Mpira ukaingia. Mose hata hakuruka.

Filimbi ya mwisho ilipolia, nasi tumeshuka daraja, kijana alikuja moja kwa moja hadi getini, glavu mkononi na begi begani, akasimama mbele ya baba yake. Niliogopa watagombana.

"Niliisikia, tata," alisema. "Nikageuka kukutafuta."

Ratemo alilia waziwazi, nami sikuona aibu kulia naye. Kisha akamtua mwanawe begi lililolowa, akalibeba yeye. Hadi leo redioni wanasema kipa alizubaa, na sisi watatu hatujawahi kuwasahihisha.