Mama Viti wa Kikula na fotei ya mheshimiwa

Emérance Mwewa anainua kiti cha plastiki, anakigonga sakafuni, anasikiliza, kisha anakipangusa kwa kitambaa chenye sabuni. Kizima. Anakipachika juu ya wenzake na kuchukua kingine. Nje ya ghala lake dogo katika komini ya Kikula, mjini Likasi, mkokoteni unasubiri. Mchana kuna harusi.

"Kiti yenye kupasuka iko na sauti yake," anasema. "Ukiiacha ipite, njo ile mama mukwe ataikala."

Anacheka yeye kwanza. Ana miaka arobaini na sita na watoto watatu shuleni. Mumewe, Georges, alikuwa fundi kiwandani hadi watu walipopunguzwa, na tangu hapo viti ndivyo vinavyolisha nyumba. Viko mia moja na themanini, na kila kimoja hukodishwa kwa faranga mia tano kwa siku. Siku nzuri familia hula bukari, ugali wa huku, kwa samaki wa ziwa la Tshangalele. Siku mbaya hula bukari kwa sombe, majani ya muhogo.

"Upepo hatujakulaka," anasema.

Mtaani anaitwa Mama Viti. Anapeleka viti kwenye misiba, ubatizo, harusi na kampeni za chama chochote kile, maana biashara haichagui mteja. Lakini ilikuwa kampeni ya mwisho ya ubunge wa jimbo iliyomfundisha kwamba kiti nacho kinasema.

Zamani kampeni huku ilikuwa ngoma na fulana. Mgombea alikuja, akacheza kidogo, akagawa fulana, akaondoka kabla vumbi halijatulia. Safari hii Clovis, msimamizi wa kamati ya Haki na Amani ya parokia, aliamua kuwaketisha wagombea wanne pamoja ukumbini, wananchi wawaulize. Viti akaagiza kwa Emérance.

Hapo ndipo mama wa watu alipoteleza. Kwenye mkusanyiko wowote Likasi, mkubwa hapewi kiti kama cha watu wote. Hupewa fotei, kile kiti kipana chenye mito. Emérance anazo mbili, nyeupe zenye kingo za dhahabu, za bibi na bwana harusi. Alipoona kwamba mmoja wa wagombea ni Hilaire Kapend, mfanyabiashara wa saruji na mbunge aliyetaka kurudi, akampelekea fotei ya bwana harusi bila kuagizwa na mtu. Wengine watatu akawawekea plastiki.

"Ilikuwa heshima tu," anajitetea. "Kwetu mukubwa haikalake ku plastique."

Watu waliingia, wakatazama mbele, wakajua shughuli ni ya nani. Wa kwanza kusimama alimshukuru Hilaire kwa kuwaalika. Wa pili alimwomba mabati. Swali la bomba la maji, ambalo Hilaire mwenyewe aliliahidi kampeni iliyotangulia, alitupiwa Marlène, mgombea mwenzake, muuguzi ambaye hajawahi kushika cheo hata cha mtaa. Marlène alijibu hadi jasho likamtoka. Hilaire alikuwa anatikisa kichwa taratibu kama baba mkwe aliyeridhika na mahari.

Baada ya mkutano Clovis hakugomba. Alimwambia tu: "Mama Emérance, weye njo ulichagua."

Neno hilo lilimchoma. Mdahalo wa pili ulikuwa wiki iliyofuata, na akaamua kwamba wagombea wote watakalia kiti cha namna moja. Shida ni kwamba ghala la viti ni la kupanga, na mwenye nyumba ni Hilaire. Siku moja kabla ya mdahalo, Rolly, kijana wa kampeni yake, alifika kuulizia fotei.

"Minye niko na fotei mbili, bacandidats beko ine," Emérance alimjibu. "Mulete zingine mbili, bote baikale ku fotei."

Rolly alilitazama kufuli. "Mama, unajua huu mulango ni ya nani?"

Alijua. Bila ghala, viti vingenyeshewa na kuibwa, na chakula cha nyumbani kingekwenda navyo. Jioni alimweleza mumewe. Georges alitazama chumba chao kimoja cha kulala, akasema: "Bakitufukuza, biti itaingia humu. Tutalala juu yake."

Basi siku ikafika. Hilaire aliingia ukumbini kwa makofi, akasimama ghafla. Mbele viti vinne vya buluu, ndugu wa tumbo moja. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Emérance alisimama mlangoni, roho mkononi.

Muuza samaki mmoja wa safu ya mbele akapaza sauti: "Honorable, ikala! Shiye bote tunaikala ku plastique, hakuna mwenye alikufa!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hilaire naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo, akaketi. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mtaka kura je?

Swali la kwanza lilimwendea yeye: bomba liko wapi? Alianza hadithi ndefu, wakamkatiza. Akaanza nyingine, wakauliza tena. Mwishowe akafuta uso.

"Ni kweli. Nilipromettaka, na sikufanya. Pardon."

Wakapiga makofi. Mara hii Marlène alipata nafasi ya kueleza mipango yake bila kubebeshwa mizigo ya wengine.

Hilaire hakurudi bungeni. Majuma kadhaa alimpita Emérance bila salamu, na kila mlango ulipogongwa mama alidhani ni barua ya kumfukuza. Jumapili moja baada ya misa Hilaire mwenyewe, peke yake, akamfuata ghalani. Emérance alijua sasa kitumbua kimeingia mchanga.

"Mama, nataka biti makumi tano," alisema. "Tunaita mukutano ya quartier juu ya ile bomba. Plastique yote. Hata yangu."

"Na ghala?" Emérance akauliza.

"Ikala tu." Kisha akaongeza: "Ku fotei hakuna mwenye aliniuliza kintu. Muntu mwenye habamuulizake, ni sawa vile haiko."

Emérance anasimulia haya huku akifunga kamba ya mkokoteni, na furaha yake haifichiki. Sasa ana mpango wa kampeni ijayo. Anayeuliza, anasema, husimama kama mshtakiwa mahakamani wakati wanaoulizwa wameketi. Anataka kuweka kiti cha tano, kikitazamana na vile vinne, cha mwananchi mwenye swali. Clovis amekubali.

Na nani atakikalia kwanza?

"Minye," anasema. "Miaka yote naletaka biti ya bengine, nasimama ku mulango. Ile siku nitaikala, na batanijibu."