Wino wa Rangi Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Richardson, Texas, miaka ya tisini, sikupewa kalamu. Mhariri Mkuu, mama wa Kitexas mwenye sauti ya chini, alinikabidhi fotokopi ya barua akasema, "Leo tazama tu. Kesho utasoma."

Tulikuwa tunakusanya barua zote za mwanamke mmoja, mwandishi wa riwaya wa karne ya kumi na tisa, ili zichapishwe. Mimi nilikuwa mnakili: nilipiga chapa alichoandika, pamoja na makosa yake. Kisha tulilinganisha. Mmoja alisoma kwa sauti, hata koma na nukta, mwenzake akifuatisha kwa kidole. Hatua ya mwisho ilikuwa kwenda kuiona barua yenyewe ilikohifadhiwa, ndipo unatia sahihi kwenye kadi: imelinganishwa na asili.

Barua moja ilikuwa Houston, mwendo wa saa nne kwa gari. Fotokopi yake ilisomeka vizuri, nami nilikuwa nimeichoka barabara ile. Nikatia sahihi bila kwenda.

Ili kubana karatasi, mwandishi wetu alikuwa akijaza ukurasa, kisha anaugeuza ubavu na kuandika tena juu ya mistari ya kwanza. Katika barua hii alimwandikia rafiki yake, akifanyia mzaha homa ya mtoto wa dada yake. Mistari ya kukatiza ilisema mtoto amezikwa. Mhariri Mkuu akaandika tanbihi chini ya ukurasa kwamba mwanamke huyu alikuwa na moyo mgumu.

Tulikuwa tunasoma kurasa za majaribio, mara ya mwisho kabla ya kuchapa, Zuhura aliponyamaza ghafla. Alikuwa mwanafunzi kutoka Unguja, mwenzangu wa kulinganisha.

"Kaka, mtu gani huyu? Anacheka na kulia ukurasa mmoja?"

"Endelea kusoma."

"Wino wake ukoje?"

"Mweusi."

"Kwenye fotokopi hata damu ni nyeusi. Karatasi yenyewe umeiona?"

"Nimeiona."

"Haya, bwana shahidi."

Kesho yake nilikwenda Houston. Mzaha ulikuwa wa wino wa kahawia. Msiba ulikuwa wa wino mweusi, na pembeni palikuwa na tarehe ndogo iliyomezwa na fotokopi: siku nne baadaye. Alipotania, mtoto alikuwa hai.

Niliporudi nilimweleza Mhariri Mkuu yote.

"Lakini ulitia sahihi," alisema.

"Nilitia. Nilidanganya."

"Jina lako lilikuwa liingie kwenye ukurasa wa wahariri."

"Najua."

"Sasa halitaingia."

Akachukua penseli, akaikata tanbihi yake mwenyewe, mstari kwa mstari.

Niliendelea na kazi ile hadi kustaafu, na majuzuu mengine yana jina langu. Ninyi mnaoanza kazi hii msiogope kukosea. Ila kaitazameni karatasi kabla ya kusema mmeiona. Siku hizi naishi Katy, mji ulio karibu na Houston, na kitabu ninachokifungua mara nyingi ni kile kisicho na jina langu. Naenda moja kwa moja kwenye barua ya Houston, nikatazama chini ya ukurasa, mahali palipo patupu.