Mizani ya Duka la Ushirika

Mama Dorkasi alimjua mkaza mwanawe, muuza duka la ushirika pale Shume, kwa mikono yake. Akiwa mzima, aliifuta sahani ya mizani kwa upindo wa khanga kabla ya kumpimia mtu sukari, kisha akasubiri mizani itulie. Ugonjwa wake wa akili ukimpanda, mikono ilikimbia, akaigawa sukari bure huku akiimba. Ukimshusha, aligeukia ukutani, asimwitikie hata mumewe. Mimba ya kwanza aliacha vidonge ili amnusuru mtoto. Walimkuta msituni, peku, na mimba ikaharibika. Safari hii, mimba ya pili, aliwahi kwa daktari, akabadilishiwa dawa na kuonywa asiiache ghafla. Kila asubuhi aliimeza pale kaunta, kwa uji, mbele ya foleni.

“Unamlisha mjukuu wangu sumu!” Mama Dorkasi alimfokea siku moja.

“Shikamoo, mama,” alijibu kwa sauti yake ya polepole, akipiga goti kidogo. “Daktari anajua nina mimba. Na huyu mtoto anamtaka mama mwenye akili zake.” Akameza, akafuta sahani, akauliza nani anafuata.

Arobaini ilipokwisha alirudi dukani na mtoto mgongoni. Mama Dorkasi mwenyewe akamfungua mjukuu, akataka apimwe. Muuza duka akaifuta sahani kwa upindo wa khanga, akapanga mawe ya kilo nne upande mmoja, akamlaza mtoto upande wa pili, akasubiri. Mawe yakapaa! Foleni nzima ikapiga vigelegele.

“Nyamazeni kwanza!” akafoka Mama Dorkasi. “Mama yake hajameza dawa. Uji uko wapi?”