Maji Matamu Juu ya Magadi

Mwaka ule ziwa la Nakuru lilipokauka, upepo wa mchana ulibeba vumbi jeupe ukalimwaga mjini, watu wakatembea macho yamevimba. Nilikuwa nimeacha shule zamani, nazunguka shamba hadi shamba nikiomba kibarua. Mzee mmoja aliyefanya kazi kwa mzungu, kusini mwa ziwa, akanichukua nimchimbie kisima.

Mzungu alikuwa ameufungia mto kwa seng'enge. Mzee alikuwa na ng'ombe wachache, na pasi yake, kibali cha kutoka shambani, haikumruhusu kuwapeleka mbali. Wakifa, aliniambia, atabaki na mikono mitupu tu ya kulimia mtu mwingine, kama kibarua yeyote.

Tulichimba pale nyasi zinapoishia na ukoko mweupe unapoanza. Maji yalitokea mapema, matamu, lakini machache, ya kujaza karai halafu mngoje.

"Ongeza chini," mzee akasema.

Mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua. Nililamba kila udongo nilioutoa.

"Kijana, una mimba?" mzee akacheka, akamgeukia mkewe. "Mama, mpikie uji huyu mwenzako!"

Nikamwambia udongo unazidi kuwa mkali. Nikachemsha maji ya chini kwenye mkebe hadi yakakauka, yakaacha unga mweupe. Nikaukamulia limau, ukatoa povu bila moto.

"Si ni magadi tu," mkewe akasema. "Hata maharagwe uliyokula jana niliyalainisha nayo."

"Na ng'ombe tunawalambisha wanenepe," mzee akadakia. "Sasa Mungu ameyaleta yamekorogwa tayari, wewe unanuna!"

Nikarudi shimoni. Jibu nililipata baadaye, nikibeba mabomba ya watu wa kuchimba visima. Mvua huosha majivu ya volkano milimani. Chokaa huganda njiani, lakini chumvi na magadi huteremka hadi bondeni, ambako hakuna pa kutokea. Jua huchukua maji peke yake. Yanayobaki hukolea, huwa mazito, hulala chini ya ukoko. Maji ya mvua huelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Ukichimba zaidi, mazito hupanda. Maji yetu matamu yalikuwa utando tu.

Sururu ilipotoboa tabaka gumu, yalipanda mengi, ya rangi ya chai ya mkandaa isiyo na maziwa, yakiteleza vidoleni kama sabuni. Ng'ombe wenye kiu hawakulamba. Walikunywa, na kila walipokunywa walitaka tena. Kisha wakaanza kuhara, wakatetemeka, wakapiga magoti mmoja baada ya mwingine. Mzee alikimbia na debe hadi kwenye seng'enge kuomba maji ya mto. Nyapara akamwambia angoje mzungu arudi kutoka mjini. Mzee alirudi na debe tupu, akaketi kando ya jike lake la mwisho, akilipepea nzi kwa kofia hata lilipokwisha kufa.

Ardhi nyingine yote ilikuwa imekakamaa kama saruji, hatukuweza kuchimba shimo jingine. Tuliwaburuta hadi kisimani tukawatumbukiza, nikafukia. Mkewe alisimama mbali, kanga mdomoni.

Asubuhi kengele ya shamba ilipolia, mzee alijipanga mstarini na vibarua. Nyapara, aliyezoea kumwita Mwenye Ng'ombe, alimwita "wewe." Akaitika.