Kamba za Buti

Nikisikia harufu ya polishi ya viatu, namwona babu yangu, polisi mstaafu, amekaa kwenye kigoda mlangoni petu Nakawa, mguu ameunyoosha. Mgongo wake ulikuwa hauinami tena, kwa hiyo kamba za buti nilimfunga mimi, zikiniachia weusi vidoleni.

"Jaja, kazi huna. Unaenda wapi kila asubuhi?" nilimuuliza babu.

"Mpaka Kyambogo na kurudi. Miguu sijaiambia kwamba nimestaafu. Kaza!"

Nilikaza, nikabaki nikijiuliza kwa nini haoni haya kufungwa viatu na mtoto.

Leo nimepaka buti zangu polishi, nikakaa mlangoni. Mjukuu wangu akapiga magoti, akashika kamba.

"Unaenda wapi, jaja?"

"Kaza kwanza. Nitakuambia nikirudi."